Ile homa haikuwepo

Mikindani,
Jumapili, 28 Desemba 2025

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Natumaini ulifika Lindi salama na watoto uliwakuta wazima. Sisi huku hatujambo. Mwali wako ametoka kanenepa, ngozi inang'aa, na kila kanga inayopita anataka kuijaribu. Ile doti uliyomletea amekataa isifuliwe.

Nakuandikia kwa kalamu maana kwenye simu nimeanza mara nne na mara nne nimefuta. Karatasi haina huruma hiyo. Bahasha hii nitampa kondakta wa kosta mkononi pamoja na korosho zako, na ikishapita Mikindani siwezi kuikimbilia, ingawa siku hizi najiita mkimbiaji.

Shoga, nilisikia. Usiku ule wa ngoma nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko napakua mchuzi. Ukamuuliza mwanangu wa mwisho, "Baba, ile homa yako ilipona vizuri?" Naye mdomo umejaa pilau akakujibu, "Homa gani, mama mkubwa?" Ukanyamaza. Kisha ukampapasa kichwa ukamwambia, "Basi, kula." Nilibaki na upawa mkononi, mchuzi unadondoka miguuni. Wewe ukaingia ndani kwa mwali, ukafanya kila lililokupasa kama somo wake, ukacheza mpaka mapambazuko, ukatunza kwa noti ambazo najua zilivyopatikana, na asubuhi ukapanda basi la kwanza. Hukunisema hata neno. Ungenisema ningelala.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Mtoto hakuwa na homa. Jumamosi ile ya arobaini ya mama nilikuwa barabarani, nakimbia kilometa 28.

Hesabu yangu niliipiga vizuri sana, na hapo ndipo penye aibu. Nilisema nitatoka saa tisa usiku, niende mjini mpaka Shangani, nirudi, niongezee kipande upande wa barabara ya Lindi, saa moja asubuhi niko bafuni. Saa mbili napanda kosta. Kabla ya saa tano nimefika kwako, na hitima baada ya adhuhuri. Viatu vimekimbia, na mimi nimelia na wenzangu. Nilijiona mjanja kweli. Hata baibui nilikuwa nimelipiga pasi, limetundikwa mlangoni.

Kilometa ya 23 tumbo likakataa. Usiku ule palikuwa na fukuto, unalijua la Novemba kabla mvua haijaamua, jasho linatoka halikauki, linakutiririka tu kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilikuwa na chupa moja na niliimaliza mapema. Nikatapika karibu na mibuyu, misuli ya mapaja ikakaza, nikatembea mpaka nyumbani nikijishikilia kiuno. Nilifika saa tatu. Nikajilaza kidogo tu ili kizunguzungu kipungue. Nilipofumbua macho muadhini alikuwa anaita adhuhuri.

Nilikaa kitandani nikalitazama lile baibui. Kisha nikachukua simu nikakuandikia: mtoto ana homa kali, nimeshindwa kumwacha. Ningeweza kuandika "nimeumwa," na ingekuwa karibu na kweli. Lakini ungeuliza nimeumwa nini. Mtoto akiumwa hakuna anayeuliza zaidi.

Na wewe, siku ya arobaini ya mama yako mzazi, watu wamejaa uani, masufuria yapo motoni, ukanitumia shilingi elfu kumi kwenye simu, "ya juisi ya mtoto." Ipo mpaka leo. Nimeshindwa kuitoa na nimeshindwa kukurudishia. Kila nikiangalia salio naiona imekaa pale chini, hata nikinunua umeme naacha elfu kumi kamili. Mume wangu aliniuliza kwa nini siimalizi, nikamwambia ni ya mtu.

Kumbuka mama alivyokuwa kwangu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, wewe umekwama Dar, nilikwenda Lindi nikakaa naye siku tisa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza mbio baada ya daktari kunitisha na presha, naona aibu kutoka nje na suruali ya michezo. Natoka gizani, narudi gizani. Siku ya tatu mama akanisubiri kibarazani. "Unakimbia, nani anakufukuza?" Nikamwambia presha. Akacheka, akaingia jikoni, akanikamulia ukwaju kwenye chupa, akatia sukari na chumvi kidogo, akasema wavuvi wa zamani walikwenda nayo baharini. Sijui kama ni kweli kuhusu wavuvi. Ila mpaka leo sijapata kinywaji kinachonikaa tumboni kuliko kile. Chupa iliyoniishia usiku ule wa Novemba ilikuwa ya ukwaju wa mama. Nilikimbia arobaini yake nikiwa nimebeba kinywaji chake, shoga. Hilo nimelibeba peke yangu wiki zote hizi.

Utaniuliza, kwani lazima iwe Jumamosi? Wote huuliza. Mama mkwe huuliza, mwalimu mkuu huuliza, hata wanafunzi wangu wa darasa la tano. Kwa nini usikimbie kidogo kidogo kila siku, mwisho wa wiki jumla si ileile?

Si ileile. Siku za katikati ya wiki nakimbia, Jumanne na Alhamisi, kilometa nane au kumi, saa kumi na moja nimerudi nawasha moto wa uji. Hizo hazimsumbui mtu. Lakini mtu wa kilometa 42 lazima aufundishe mwili kwenda mrefu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu sukari ambayo mwili umeiweka akiba kwenye misuli na ini huelekea kuisha karibu na kilometa ya 30, na hapo miguu huwa kama imefungwa mawe. Kwa hiyo kila wiki unaongeza kidogo, kidogo sana, ukiwa na pupa muundi unauma mwezi mzima. Leo 24, wiki ijayo 26, kisha 28, unashuka unapumzika, unapanda tena. Ukiruka moja unahisi umebomoa ngazi. Na zinazokula siku si zile saa tatu au nne za barabarani. Siku inaliwa na baada yake. Unakaa kwenye mkeka kama mzazi wa siku mbili, unakula kila kilichopo, mihogo, viazi, tende, ming'oko ikiwa msimu wake, na mtoto akikuita huna mguu wa kuinukia. (Korosho usinitajie. Watu wa huku wanadhani mla korosho hachoki. Ukizila kabla ya mbio mafuta yake yanakaa tumboni kama kokoto.)

Sasa nipe Jumamosi ambayo kusini hii haina kazi nyingine. Harusi ni Jumamosi. Hitima ni Jumamosi. Kikoba chetu ni Jumamosi. Ikifika Desemba shule zimefungwa, kila kitongoji kina mwali au kuna vijana wanatoka jandoni, ngoma zinapokezana toka huku mpaka Newala. Mume wangu tangu Oktoba analala ghalani na magunia ya korosho, akirudi anaongea kuhusu mnada mpaka anasinzia. Kwa hiyo ninayegawanyika ni mimi. Ngoma ya mwali wetu ilitaka vikao vitano, na vikao vitatu nilikwenda na miguu inatetemeka. Nyakanga, kungwi wetu mkuu, alinitazama akasema, "Wewe ndiye unayetakiwa kulazwa ndani, si mtoto."

Nitakwambia nilichogundua nilipokuwa sipati usingizi. Kalenda yetu ya ukutani ilikuwa na mbio tupu. Nilikuwa nimeziandika zote kwa kalamu nyekundu, wiki kumi na sita, kilometa zake pembeni. Ya watu hayakuandikwa popote. Arobaini ya mama nilikuwa nayo kichwani, mahafali ya darasa la saba ya binti kichwani, arusi ya mdogo wangu kichwani. Kwa hiyo kila asubuhi nilipoamka nililolikuta limenisubiri ukutani ni kilometa. Nimeibandua. Ya 2026 nimeanza na watu, kwa wino. Binti anaingia kidato cha kwanza Januari, siku ile imezungushiwa duara. Mbio nimezijaza baadaye kwa penseli, na zimebaki na nafasi zaidi ya nilivyodhani, ila si zile ndefu. Ndefu bado zinagombania.

Wenzangu wa joging ungewapenda. Tuko wanane: nesi, fundi cherehani, muuza samaki, afande mstaafu ambaye hasemi mpaka kilometa ya kumi, na vijana. Urafiki wenyewe ni wa ajabu. Najua nani ametoka kucha gani, nani ana tumbo la kuendesha, nani huongea na mkewe aliyefariki tukipita kwenye minazi. Lakini kwa miezi mingi sikujua hata nyumba zao zilipo. Nilidhani ni watu wa barabarani tu. Kumbe kwenye ngoma ya mwali walikuja wote, uliwaona, wale waliosimama karibu na jenereta na sare za rangi ya machungwa. Fundi alishona sare za ndugu wote bila malipo. Na usidhani ndio walionizuia kuja kwako. Nesi nilipomweleza aliniambia, "Ungetuambia una arobaini tungekufukuza barabarani kwa mawe." Sikuwaambia. Niliwaficha wao kama nilivyokuficha wewe.

Mume wangu ana utani wake. Akinikuta nafunga kamba za viatu saa tisa usiku anasema, "Livingstone naye aliondoka kwa miguu hapahapa Mikindani, 1866. Pwani alirudi amebebwa." Anageuka upande wa pili analala. Ndiyo baraka zake hizo.

Na kama hujui kilichonitia wazimu wa 42 badala ya 21 niliyoizoea, ni Simbu. Septemba 15, usiku wa manane wa huku, mimi chini ya chandarua na simu nimeifunika mtandio ili mwanga usiwaamshe, naangalia marathoni ya dunia ya Tokyo. Saa mbili na dakika tisa wanaume wanakimbia, na wanaingia uwanjani bado hujui nani. Alphonce Simbu yuko nyuma ya yule Mjerumani, Petros, mstari uko pale, nikasema basi, fedha si haba. Wakaangukia mstari pamoja. Muda uleule, 2:09:48. Wakaangalia picha, Simbu amemtangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu ya mashindano hayo ya dunia! Nilipiga kelele, nyumba nzima ikaamka, mama mkwe akadhani nyoka. Asubuhi yake nikawaambia kina nesi naandaa 42, Moshi, mwishoni mwa Februari.

Moshi sasa sitakwenda. Mfungo wa Ramadhani unatazamiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari, na mbio ziko mlemle. Nilikwenda kwa mjomba, unamjua alivyo. Nikamuuliza, msafiri si ana ruhusa ya kula akalipa baadaye? Akasema anayo. Nikafurahi. Akaniacha nifurahi, halafu akasema, "Safari ya siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, futari wanawe awapikie nani?" Akanyamaza, akaendelea na tasbihi yake. Hakunikataza. Ningekatazwa pengine ningekwenda. Nimefikiri binti yuko shule mpya, kuna ada na daftari, nauli ya Moshi na malazi ni mbuzi mzima, na mlima wa Mweka kwa mtu wa usawa wa bahari kama mimi ni adhabu nyingine. Zipo mbio za mwaka kesho. Nilisema hivyo kwa mdomo, kisha nikalia bafuni kama mtoto aliyenyimwa andazi. Sikufichi. Nimechoka kukuficha.

Lakini kilometa 42 zangu nimezifundisha miguu na siwezi kuziacha zioze. Kwa hiyo nina ombi, na ukikataa sitalia, au nitalia bafuni.

Jumamosi ya tarehe 7 Februari, kama hujanichoka, nataka kuja kwako kwa miguu. Si toka Mikindani, sijapata wazimu kiasi hicho. Ijumaa nitalala kwa binamu yangu kijijini, hapo katikati ya njia. Wiki iliyopita nilihesabu vibao vya kilometa nikiwa dirishani kwenye kosta, na sehemu ninayoitaka iko mwendo mfupi toka kwake. Saa tisa usiku naanza. Fundi ana mdogo wake wa bodaboda, atakwenda nyuma yangu na taa mpaka kupambazuke, na nesi amepanga kunishika mkono kilometa kumi za mwanzo. Nikifika Mnazi Mmoja, inapoachana njia ya Masasi, nitakuwa nimebakiza ishirini na kitu. Hapo ndipo nitakapoanza kujuta. Mwendo wangu ni wa kobe, hesabu saa tano na nusu, nikichelewa sita. Nikitapika nitatembea. Nikishindwa kutembea nitapanda hiyo bodaboda na nitafika nayo, kwa hiyo siku hiyo hakuna ujumbe wa mtoto ana homa.

Sitaki watu. Usimwambie mtu, wala usipike pilau. Tumbo baada ya hapo halipokei nyama, linataka uji wa mchele wenye chumvi. Niwekee ndoo ya maji ya kuoga, na unitolee kanga yako moja, maana siwezi kuingia kwa mama na hizi suruali. Nikishaoga tukae pale kibarazani kwake, tusome Yasini yetu wawili tu, hata kama ni siku mia na kitu badala ya arobaini. Halafu unitukane. Nimekuandalia muda, Jumapili yote haina kitu kwenye kalenda, iko tupu mpaka kosta ya jioni.

Elfu kumi nitakuja nayo. Tutaamua pamoja tununue nini.

Na kama utapata nafasi ya kutoka, nisubiri Ngongo kwenye viwanja vya Nanenane, kuanzia saa mbili asubuhi, kivulini. Uje na chupa moja ya ukwaju. Sukari, na chumvi kidogo, kama alivyokuwa akitia. Mimi kipimo chake sikuwahi kukipata sawasawa.

Korosho ni za mti wa nyuma ya nyumba, mwali wako amezibangua mwenyewe. Nyingine zimeungua kidogo, vumilia.

Shoga yako,
wa Mikindani